Kipanya na Shikamoo

Severina alilelewa Lulindi, na mtoto wa Lulindi hamwamkii mkubwa huku ameshika kitu. Anakiweka chini, anapiga goti, ndipo anatoa shikamoo. Mila nzuri kabisa, ila aliyetengeneza kompyuta ya picha za tumbo pale hospitalini Masasi hakuambiwa.

Mashine yenyewe ilikuwa mtumba. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kinatufikia kimeshachoshwa na wenyewe: viatu, mabasi, hata hiyo. Kupima uvimbe, muuguzi alibana kitufe cha kipanya na kuuzungushia mstari bila kuachia mpaka arudi alipoanzia. Akiachia njiani, mashine ilijifungia mstari yenyewe, ikakata katikati, kisha ikatoa kipimo bila haya.

Asubuhi moja Severina, muuguzi wa pale, alikuwa akimpima Mama Yuster wa Nanganga. Uvimbe wa kizazi ukiwa umekua, apasuliwe. Ukiwa vilevile, arudi kwake. Severina akazungusha. Mlango ukafunguliwa, akaingia mfagiaji, bibi mzima mwenye wajukuu. Severina akaachia kipanya, goti chini. "Shikamoo, bibi!"

Kugeuka, kipimo kinasema uvimbe umepungua. Mama Yuster akapiga kigelegele, akaanza kutafuta kanga yake aondoke. Severina almanusura ashangilie naye, mpaka alipoona nusu ya uvimbe imebaki nje ya mstari.

"Rudi kwanza ulale, mama. Nimekosea mimi."

Akaanza upya. Safari hii aliyeingia ni Mwalimu Barnaba, mume wa Mama Yuster. Ndiye aliyemfundisha Severina kusoma, na kwa kukosa salamu moja tu angeweza kununa mpaka mavuno. Akasimama mlangoni, akakohoa. Magoti ya Severina yalimwasha, lakini hakugeuka. Mstari ulikuwa unapanda polepole.

"Siku hizi wauguzi hawaamkii watu?" Mwalimu akauliza.

Severina akaendelea kuzungusha. Mstari ukafika ulipoanzia. Uvimbe ulikuwa umekua, tena sana. Severina akaachia kipanya, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu. Uvimbe wa mama umekua. Itabidi apasuliwe."

Mwalimu hakuitikia. "Nimesimama hapa muda wote kama mgomba," akaanza.

"Mwache, Baba Yuster," mkewe akasema kutoka kitandani, akijifunika tumbo taratibu. "Alikuwa ananiamkia mimi kwanza."