Goti la Oketcho na Mistari Yangu ya Mkaa

Siku moja naikumbuka, mjukuu wangu, mpaka leo hii. Ilikuwa Jumapili, hapa Tororo, enzi za Mwingereza, nami ni msichana wa miaka kumi na saba mwenye mdomo mpana kuliko akili. Shule niliishia darasa la pili. Lakini mpira! Mpira nilikuwa naujua kuliko wanaume wengi wa mji huu, na nilitaka kila mtu ajue kwamba naujua.

Baba yangu alikuwa na lori. Alibeba pamba kutoka Busia akaileta kwenye jineri ya Tororo, kile kiwanda cha kuchambua pamba, akarudi Busia na magunia ya chumvi kutoka bohari ya stesheni. Yeye huyohuyo ndiye alikuwa mlezi wa timu ya mji. Jezi alinunua yeye, nyama ya baada ya mechi alitoa yeye. Watu walimsifu mpaka msikitini. Basi mimi nikawa natembea shingo juu, binti wa mwenye timu, na karai langu la bagia pembeni mwa uwanja. Mechi haikunipita hata moja.

Katika timu hiyo alikuwapo kijana wa kabila la Wadhola, kutoka kijiji cha Mukuju, jina lake Oketcho. Beki wa kulia. Nisikudanganye, sijaona tena beki kama yule mpaka leo hii nimeota mvi. Alicheza miguu mitupu, kama karibu wote siku zile, kafunga kitambaa kifundoni. Winga akija na mbio zake, Oketcho hakurukaruka wala hakuvuta jezi ya mtu. Alimsogelea tu, akaenda naye bega kwa bega mpaka mstari, mpaka yule winga mwenyewe anachoka na kurudisha mpira nyuma. Nilimwona winga mmoja mgeni akimlilia kapteni wake ahamishiwe upande wa pili. Naapa.

Ila alikuwa mtu wa kuumia. Leo goti, mwezi ujao nyonga, kisha goti lilelile tena. Wenzake walimtania, "Oketcho, mama yako alikuzaa kwa udongo ama?" Naye anacheka, anawajibu kwa Kiswahili chake cha kwao, "Udongo ya Mukuju ni nzuri, hata chungu ya mama yako imetoka huko."

Ukutani jikoni kwetu nilikuwa nachora kwa mkaa. Mechi aliyocheza, mstari mrefu. Mechi aliyokosa, mstari mfupi. Usiniulize kwa nini nilimchora yeye peke yake. Nilikuwa msichana.

Sasa meneja wa jineri alikuwa na timu yake, na alitaka beki. Si wa kucheza bure. Alikuwa na mkataba wa miaka mitatu: kazi ya kusimama kwenye mizani ya pamba, nyumba ya mabati, posho ya unga kila wiki. Kwa mtoto wa mjane kutoka kijijini, hiyo ilikuwa kuokoka. Jumapili ile, baada ya mechi, meneja akaja kwenye baraza yetu akakaa na baba na wazee wawili wa timu, wakaanza kumpima Oketcho kama watu wanaonunua fahali.

"Hakuna winga anampita," anasema mzee mmoja.

"Akiwa mzima!" anasema mwenzake. "Atakula unga wako amelala kitandani, bwana."

Baba alinyamaza tu. Mimi nikadhani ni heshima.

Meneja akasema, "Nasikia hapa kuna binti ana alama zake ukutani. Mwiteni."

Mwanangu, nilitoka jikoni kama bibi harusi. Nikajifuta mikono. Nikasema, "Mechi ishirini za mwisho amekosa tisa. Huyo ni kioo cha taa, bwana meneja. Kinaangaza vizuri, lakini ukikigusa kimepasuka. Chukua mwingine."

Wakacheka! Meneja alijipiga paja. Na palepale akasema atamchukua beki mwingine wa Mbale, mkataba watautia sahihi kesho. Nikageuka kurudi jikoni nimejaa sifa, ndipo nikamwona Oketcho mwenyewe amesimama kando ya lori, kofia mkononi. Alikuwa ameitwa aje asikie habari yake. Alikuwa amesikia yote.

"Asante, dada," alisema, akaondoka.

Jumatatu, jua halijapanda vizuri, nikasikia miguu ya wanaume uani. Wamembeba Oketcho juu ya turubai la lori. Goti limekwenda upande ambao goti haliendi. Uso wake umekuwa wa majivu. Walimleta kwetu kwa sababu nyanya yangu, mama yake baba, ndiye aliyechua viungo vya mji mzima, Waislamu na Wakristo.

"Wewe mwenye mdomo," nyanya aliniita, "njoo ushike mguu."

Nikashika. Nikaona mabega yake yana vidonda vya zamani, na vidonda vimeingia chumvi, nyeupe kabisa. Nikauliza, "Nani amemuumiza? Jana alitoka uwanjani mzima!"

Wale wanaume wakaanza kukunja turubai. Nyanya ndiye alijibu, huku anapaka samli.

"Gunia la baba yako."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Akanieleza, na mikono yake haikusimama. Kumbe jezi zile hazikuwa za bure. Nyama ile haikuwa ya bure. Kila Jumatatu wachezaji walikwenda stesheni kupakia lori la baba chumvi, kulipia jezi. Wachezaji wa mjini walikuwa na ndugu. Walimtuma kaka, walimtuma binamu, wenyewe wakalala. Oketcho mjini hakuwa na mtu. Alibeba sehemu yake mwenyewe, na mara nyingi na ya wengine, na goti lile limetoka kwenye mechi ya jana yake.

"Nenda jikoni," nyanya akasema. "Tazama mistari yako. Wakati wa masika, barabara ya Busia ilipokatika na lori likakwama, alikosa mechi ngapi?"

Nikaenda. Nikasimama mbele ya ukuta wangu. Wiki zote za mvua, mistari mirefu. Mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka saba. Hakuna mfupi hata mmoja! Barabara ikakauka, lori likatembea, na mistari mifupi ikaanza. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeandika, na mimi sikuwa nimesoma. Nikakaa chini penye majivu.

Na ile kazi ya mizani, mwanangu, ilikuwa kazi ya kusimama kivulini. Mkataba ule ule niliomnyima ndio ungempumzisha goti, na Jumatatu ile angekuwa jineri akiweka sahihi, si stesheni chini ya gunia.

Nilirudi kwa nyanya nalia. "Ulijua, mbona hukusema?"

"Nilimwambia baba yako mara tatu, akaniambia nichue. Meneja hakuniuliza mimi. Alikuuliza wewe."

Nikapiga magoti mbele ya Oketcho. Aliniangalia, si kwa hasira, heri ingekuwa hasira. Akasema, "Dada, kila Jumapili ulinitazama. Jumatatu hata moja hukuja kunitazama."

Nilikwenda jineri kwa miguu, kitenge kichwani, nikamwambia meneja kila kitu. Alishtuka, hilo nitamtolea ushahidi. Lakini yule wa Mbale alikuwa ameshaweka sahihi, na goti la Oketcho nalo lilikuwa limeshaharibika. Hakucheza tena. Alirudi Mukuju kulima karanga, na mguu ule hakuukunja tena mpaka anazeeka. Baba nilimsema mbele ya wazee wake wawili, kwenye baraza ileile. Alinipiga kofi, akakaa mwezi mzima hasemi nami. Lakini Jumatatu iliyofuata alikodi wapagazi, na hakuna mchezaji aliyegusa tena gunia lake.

Basi sikiliza, mjukuu wangu, wewe ambaye sasa unaandika majina ya watu, huyu aajiriwe, huyu aachwe. Usimpime mtu kwa siku unayomwona tu. Ukiambiwa fulani ni mgonjwamgonjwa, fulani havumilii, uliza kwanza anabebeshwa nini mkiachana naye, na anambebea nani. Uliza hata kama jibu litakuja mpaka mlangoni kwenu. Na kama hujui, sema sijui. Hakuna aliyewahi kuvunjika mguu kwa sababu msichana alisema sijui.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mzito na jicho jepesi. Akulinde usile jasho la mtu bila kujua, na ukijua, akupe nguvu ya kutema. Amina.