Siku Walipokuja Kuniomba

Nilijua kuna jambo siku wanawake wa uani waliponyamaza. Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua mmoja wa kupikia nyuma, na katika ua ule hakuna aliyewahi kunyamaza. Tuligombana mchana, jioni tukaombana chumvi. Asubuhi ile nilitoka na sufuria yangu, wote wakayainamia majiko yao kana kwamba hawajawahi kuona maji yakichemka.

"Leo zamu ya nani kusengenywa?" nikauliza.

"Hakuna, dada," akajibu jirani wa chumba cha mbele.

Dada! Mwanamke yule aliniita shoga tangu alipohamia. Alikuwa na binti aliyekwishavunja ungo, mrefu, mwenye macho mazuri, na huyo binti naye alikuwa ameanza kunikwepa. Akiniona ukumbini, anavuta kanga usoni na kurudi chumbani kwao. Mimi si mtoto. Nilikuwa nimevuka arobaini, umri ambao ukifichwa jambo unalisikia hata likipita kwa kunyata.

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli, akifanyia kazi kwenye baraza ya duka la Mhindi mtaa wa pili. Siku zile zile alianza kung'oa mvi. Anasimama dirishani na kioo kidogo, kibano mkononi, anazitafuta kidevuni moja moja huku amekunja uso. Nilimtazama nikiwa kitandani, nikasema moyoni kwamba mwanamume hang'oi mvi kwa ajili ya mke aliyekuwepo zikiota. Nikimwuliza kulikoni, ananijibu, "Zinaniwasha." Tangu lini mvi zikawasha?

Basi adhuhuri moja nikaenda pale dukani, nikijifanya nataka uzi. Mume wangu hakuwepo. Baiskeli ya mtu ilikuwa imepinduliwa, magurudumu juu, haina mwenyewe. Mke wa mwenye duka alinifahamu vizuri, nikamwuliza kana kwamba sijali.

"Amekwenda Magomeni," akasema. "Amefuatwa na jirani yenu, yule baba wa chumba cha mbele. Mumeo amevaa kanzu."

Kanzu, siku ya kazi, pamoja na baba wa yule binti! Tena Magomeni, ambako nyumba mpya zilikuwa zinasimamishwa kila kukicha. Mwanamume akiongeza mke lazima apate pa kumweka. Nilisahau hata kuuchukua uzi wangu.

Nilirudi nyumbani kwa hasira. Niliogopa pia. Watoto wetu walikwisha kuwa na nyumba zao, na mimi mjini sikuwa na kitu ila chumba kile na mwanamume yule. Nikafungua sanduku la bati, nikaanza kupanga nguo. Nilitaka niwe nimefika Buguruni kwa kaka yangu kabla hawajaniletea harusi mlangoni.

Sijamaliza, nikasikia hodi. Alikuwa mama wa binti, pamoja na mwanamke mtu mzima nisiyemjua. Nyuma yao wamejipanga wanawake wa uani, wamebeba sinia lililofunikwa. Nikajua wamekuja kunibembeleza nikubali. Yule mgeni akakaa mkekani, akafunua sinia. Palikuwa na doti ya kanga mpya, udi na tambuu.

"Mimi ni shangazi wa binti," akasema. "Mtoto amechumbiwa na kijana wa Ilala, na hana somo. Tumetazama mtaa mzima, tumekuona wewe. Mumeo tulimwomba ruhusa siku nyingi, leo tukamwita kwangu Magomeni, ametupa. Sasa tunakuomba wewe mwenyewe."

Somo ndiye anayemfunda binti mambo ya ndoa na kumsimamia siku ya harusi. Ndiyo maana yule mtoto alikuwa ananionea haya. Ni heshima kubwa, na mimi nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi. Kazi ile hupewa watu wazima. Mke mwenza ningepambana naye, ningempikia majungu mpaka ahame mwenyewe. Lakini hili la majirani kukaa kikao bila mimi na kuamua kwamba ujana wangu umekwisha, ningemshika nani?

Nikawaambia nitawajibu kesho. Wakatazamana, wakaondoka.

Mume wangu aliporudi alilitazama sanduku, akanitazama mimi.

"Mama watoto, unasafiri?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Walitaka waje wenyewe."

"Uongo huo. Kuna kingine unanificha."

Akavua kofia, akakaa. "Mwanzo nilikataa," akasema. "Ukishakuwa somo, watu watakuita mtu mzima. Na mimi mumeo nitakuwa nani? Si mzee? Nimezunguka nalo siku zote hizi, nikashindwa kulitamka."

Katika yote niliyomshuku, woga sikuufikiria hata kidogo. Mabinti niliokuja kuwafunda baadaye niliwaambia kwamba mume akikuficha jambo, huenda anaficha hofu. Niliwaambia pia wasiache kuchunguza, maana mara nyingine ni mwanamke kweli.

Maneno makali niliyokuwa nimeyaandaa nikayaacha. Nikalisukuma sanduku pembeni, nikakaa karibu naye.

"Ungewaambia mkeo bado kijana," nikasema.

"Niliwaambia," akajibu. "Wakacheka."