Kadi Niliyoikata Kingo

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo damu hunichemka, na hasira yenyewe ni juu ya nafsi yangu. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, nafanya kazi katika duka la kupiga chapa huku Wadi Kabir, mtaa mmoja wa mji wetu huu wa Kiarabu.

Kaka yangu alirudi kutoka masomoni Marekani na sanduku la kadi kuukuu za wachezaji wa besiboli, mchezo ambao sisi hata sheria zake hatuzijui. Nikazipenda zile picha. Kila Ijumaa asubuhi tulikutana watu watano au sita wenye kadi kama hizo kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Ruwi, tukibadilishana. Mmoja wetu alikuwa Mutua, Mkenya, dereva wa mhandisi wa Kimarekani aliyefanya kazi kwenye viwanda vya Rusayl. Huyo mhandisi alikuwa mkusanyaji hasa, naye alimwamini Mutua hata akampa kadi zake aje kumbadilishia.

Mimi nilikuwa na kadi ambayo mhandisi aliitafuta kwa miaka. Ila kingo na pembe zake zilikuwa zimechakaa, na mkusanyaji kitu cha kwanza hutazama pembe. Basi nikaipeleka kazini, nikaiweka chini ya mashine ya kukatia karatasi, nikaipunguza kila upande kiasi cha unywele. Pembe zikatoka kali kama za kadi mpya. Ijumaa ile Mutua akanipa kadi tatu nzuri za bosi wake, akachukua yangu, akaondoka anacheka.

Bosi alipoilaza juu ya kadi nyingine ya aina ileile, akaona ni fupi, na kadi iliyokatwa kwa mkusanyaji haina thamani tena. Akasema Mutua ameiuza ile nzima kwa siri na kumletea iliyokatwa. Akamwachisha kazi, akafuta viza yake, maana yeye ndiye aliyekuwa mdhamini wake, akampa siku tatu awe ametoka nchini.

Mutua alinijia dukani, akanieleza yaliyompata kwa bosi wake. Hakunitukana.

"Kaka, twende tu umwambie vile ilikuwa. Ni dakika tano."

Nikamjibu n'takuja kesho. Kesho sikwenda, wala keshokutwa. Niliogopa wale wenzangu wa Ijumaa wasije wakaniita mwizi. Tena, nisikufiche, nilimkasirikia yeye, eti kwa nini hakuipima kabla ya kuichukua.

Siku ya tatu mama akaona sili. Nikamweleza, nikidhani atanionea huruma. Akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Hebu niambie, Seif. Wewe ukisema kweli, watakurejesha wapi? Hapa ndipo kwenu. Mwenzio ukimnyamazia anapandishwa ndege. Ondoka mbele yangu, na chakula changu usikiguse mpaka umekwenda."

Nikaenda jioni ileile. Mhandisi alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akazipokea kadi zake tatu, akanirudishia yangu, akaniambia Mutua ameondoka kwa ndege ya asubuhi. Kisha akafunga mlango. Asubuhi, mwanangu! Na asubuhi ile mimi nilikuwa dukani, nakata kadi za harusi za watu.

Baadaye, miaka ya elfu mbili, nilimuulizia kwa kila Mkenya niliyekutana naye Ruwi. Hakuna aliyemjua. Kadi nnayo bado, kabatini, na pembe zake kali vilevile.

Juzi nimekusikieni, wewe na wenzako, barazani mkicheka jinsi mmoja wenu alivyompa mfanyakazi wa kigeni simu mbovu akimwambia ni nzima. Mimi sikucheka. Nilitamani kukutoeni nje nyote.

Basi nnakwambia wewe, mwanangu. Usimdanganye mtu. Na ukishamdanganya, kisha lawama ikamwangukia asiyekuwa na wa kumsemea hapa, usingoje kesho. Vaa viatu uende saa hiyohiyo, ukaseme kwa mdomo wako ulilolifanya. Aibu yako utaizoea. Yeye riziki yake haitamngoja wewe uwe tayari.

Mwenyezi Mungu akupe miguu myepesi siku ya kukiri kosa, na akujaalie umkute mwenzio bado yupo.