Nimemcheka Mama Mkwe Machoni Pake

Leo nimemcheka mama mkwe bila kujua, na bado nimepewa chai.

Mvua imetufungia ndani huku Boito, kwa wakwe zangu. Mimi, mtu wa kufika mpaka Mombasa, nikawaonyesha kwa simu picha mbili za stendi ya Kericho: ya zamani nimeitoa mtandaoni, ya sasa nimepiga mwenyewe.

"Zamani watu walikuwa washamba. Ona huyu msichana amevaa kikapu cha kuchumia majani chai kama kofia."

Mama mkwe akavaa miwani.

"Huyo ni mimi. Mvua ilinipata stendi."

Wakwe wenzangu, hapo mngeshika mlango gani?

Lakini yeye akacheka mpaka machozi. "Mwanangu, sikuwa na picha hata moja ya usichana wangu."

Mvua ikiisha tunaenda kumpiga picha ingine palepale. Ameshaamua kikapu nitavaa mimi.