Ufunguo wa Taya la Leandra

"Nyumbani kwangu hapatang'olewa jino tena!" Antie Dorothea Maarman alitangaza kanisani, Jumapili ya shukrani ya mavuno, wenzake wakiwa wanamshukuru Mungu kwa mvua na bonasi. "Siku mkisikia limeng'olewa hata moja, njooni mninyang'anye haya yangu."

Akayachomoa meno yake ya bandia, manne ya juu, akayainua kusanyiko zima liyaone. Mchungaji akakohoa. Kwaya ikaanza wimbo kabla ya zamu yake.

Kwetu Grabouw, Afrika Kusini, mwanamke wa rika lile akikosa meno manne ya mbele hatuulizi alipigwa na nani. Hakupigwa na mtu. Alitaka mwenyewe yang'olewe, mazima, meupe, yasiyo na hata tundu la sindano, kwa sababu mwaka ule wasichana wote walikuwa wanang'oa na wavulana walisema ndiyo uzuri. Antie Dorothea alikuwa na miaka kumi na minne. Shangazi yake mwenyewe alimpeleka kwa daktari, akamnunulia na gauni la dansi ya Krismasi. Kutoka hapo akaingia kiwanda cha kufungasha matufaha, akakaa miaka thelathini na moja. Ameyachambua, ameyabandika vibandiko, ameyaaga yakienda Ulaya. Lakini kuling'ata tufaha moja zima, hajaweza. Mapumziko ya saa nne alikuwa anatoa kisu mfukoni na kukata vipande vyembamba, kama anamlisha mgonjwa.

Leandra ni mtoto wa binti yake, Bernice, ambaye alikwenda mji wa George kufanya kazi hotelini na akawa anakuja kwa njia ya simu tu. Mtoto akabaki na bibi na kidole gumba. Alikinyonya kile kidole hadi darasa la kwanza, mpaka taya la juu likabanana kama mlango wa banda la kuku. Akiuma, meno ya juu upande wa kushoto yalikuwa yanaingia ndani ya yale ya chini. Nesi wa shule ndiye aliyeona. Akaandika barua, wakapelekwa hospitali ya meno, mjini, ng'ambo ya mlima.

Antie alikuwa anapenda kuisimulia siku ile, akimwigiza daktari kwa sauti nyembamba.

"Daktari, mwanangu, ana miaka saba. Hata meno ya ukubwa hayajatoka yote. Mbona mapema hivi?"

"Ndiyo maana, Antie. Taya la miaka saba bado linasikia likiambiwa. Tukingoja afike kumi na tano, itabidi tulikate."

Basi mtoto akatengenezewa bamba la waridi la kuvaa kwenye kaakaa, na katikati yake skrubu ndogo. Skrubu ina ufunguo wake, mwembamba kama njiti ya kibiriti. Kila ukiuzungusha mara moja, bamba linapanuka kidogo na taya linalifuata. Kazi ya kuzungusha aliachiwa Antie: Jumatano na Jumapili, baada ya chai. Ufunguo aliuvaa shingoni, kwenye kamba moja na msalaba. Nyumba zetu zinagawana ukuta, na ukuta wenyewe ni wa matofali ya kubahatisha, kwa hiyo Jumapili zetu zote tulisikia:

"Bibi, polepole!"

"Fungua mdomo. Yona alikaa siku tatu ndani ya samaki, hakupiga kelele hivi."

"Yona alikuwa mtu mzima!"

"Basi na samaki naye angesema polepole. Fungua."

Lile bamba lilimfanya mtoto aongee kwa kuteleza, maneno yakitoka na mate. Watoto wa mtaani wakamwita Redio Mbovu. Siku moja Antie akatoka na ufagio.

"Nani kamwita mjukuu wangu redio?"

"Si mimi, Antie!"

"Mwambie huyo asiye wewe, hii redio inatengenezwa. Kichwa chake yeye hakina spea."

Kila wiki ya sita, siku ya Alhamisi, walipanda basi la wagonjwa kabla jua halijafikiria kuchomoza, wakarudi jioni. Kiwandani siku hizo ziliandikwa kuwa hakufika kazini. Cheo cha usimamizi wa laini ya kufungasha kilipotokea, kikaenda kwa mwanamke mmoja asiye na mjukuu. Antie alisema tu taya limesogea, na akamtaka kila mtu achungulie. Mimi mwenyewe nimechungulia mdomo ule zaidi kuliko nilivyochungulia vitabu vyangu vya chuo, na matokeo yote mawili yanajulikana.

Taya likakaa sawa kabla ya mwaka kwisha. Meno ya ukubwa yakatoka, yakafungwa nyaya, yakanyooshwa, na Alhamisi zikaendelea. Nyaya zilifunguliwa Leandra akiwa na miaka kumi na mitatu. Siku ile Antie alileta tufaha moja kutoka kiwandani, jekundu, la daraja la kwanza, akalifuta kwa aproni, akampa pale barazani, sisi wote tukitazama.

"Ng'ata."

Leandra akang'ata. Lile tufaha likalia kama ubao umevunjika.

"Ng'ata tena. Sikusikia vizuri."

Alisikia. Tulisikia hata sisi. Akalichukua tufaha, akaliweka dirishani upande wenye alama za meno ukitazama barabara, zimejipanga sawasawa. Likakaa pale mpaka likawa kahawia, na ole wake aliyegusa.

Sasa, kwenye ukuta wa sebule ya Antie kulikuwa na picha. Ni yeye, na lile gauni la dansi ya Krismasi, wiki mbili baada ya kung'olewa. Amerusha kichwa nyuma, mdomo wazi, pengo lote nje, anacheka mpaka picha yenyewe inataka kucheka. Ndiyo picha nzuri kuliko zote ndani ya nyumba ile. Hakuna aliyefikiria kuiondoa.

Leandra akaingia sekondari. Wasichana wa darasa lake walikuwa wameshaanza kung'oa, maana kwetu jambo hili halifi, linapumzika tu.

"Madam, funga mdomo, unatumulika."

"Huyo Leandra hachezi na sisi, anasubiri kutangaza dawa ya meno."

Akaanza kucheka akijiziba kwa kiganja. Antie akadhani ni haya ya usichana.

Leandra alikuwa na miaka kumi na mitano. Ijumaa moja akaaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, akarudi saa kumi na skafu mdomoni. Antie alikuwa anamenya viazi.

"Skafu ya nini, na joto hili?"

Leandra akaikaza skafu.

"Leandra. Toa."

Halafu kupitia ukuta nilisikia bakuli likianguka. Kisha sauti ya Antie ikaja ndogo, sauti ambayo sikujua anayo.

"Manne?"

"Manne, Bibi." Redio Mbovu ilikuwa imerudi, maneno yanateleza.

"Nimekuzungushia ule ufunguo kwa mkono wangu. Ulikuwa unalia, na mimi nazungusha."

"Bibi, usilie. Tazama." Ikatolewa picha ukutani, nikasikia waya wake ukikwaruza. "Tazama unavyocheka hapa. Mimi tangu nizaliwe sijakuona ukicheka hivi. Nilitaka nicheke hivi."

Antie angesema picha ni ya uongo? Ubaya wa picha ile ni kwamba Antie alikuwa anacheka kweli.

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa limeshajua. Hakuna aliyekwenda kumnyang'anya kitu, sisi si wanyama. Lakini sahani ya sadaka ilipofika kwake, aliweka kitambaa kilichokunjwa vizuri. Mzee wa kanisa akakifunua akidhani ni noti, akakifunika haraka. Jumatatu wazee wakayarudisha meno mlangoni kwake. Akawashukuru, akafunga mlango, wakabaki nayo barazani.

Tangu siku ile Antie hayavai. Anakula mkate uliochovywa kwenye chai, na midomo imezama ndani. Leandra naye hacheki kama picha, hacheki hata kwa kiganja. Jumatano baada ya chai wanakaa pamoja mezani. Ufunguo bado uko shingoni, na mtoto bado anautazama.

Daktari aliyemng'oa Leandra yuko mji wa kando ya bahari, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu. Karatasi ya bei imebandikwa kwenye ngazi. Meno manne ya mbele kwa pamoja, randi mia sita.