Mkono wa Mtoto wa Espe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, wakati wakimbizi wakishuka kwenye maboti ya ziwani karibu kila siku, mama alimleta nyumbani kwetu Buzebazeba mwanamke Mrundi aliyeitwa Espe. Alikuwa na mimba kubwa na furushi moja la kitenge. Furushi lile hakulifungua kamwe. Mumewe ndiye aliyelifunga siku alipomtanguliza yeye kwenye boti, akamwambia atakuja kulifungua mwenyewe.

Uchungu ulimshika asubuhi. Bibi yangu, aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa, akaanza na kazi yake ya kwanza: kufungua. Kwetu, mwanamke akijifungua, ndani ya nyumba hakikubaki kitu kilichofungwa. Nyavu zilitolewa nje, masanduku yakaachwa wazi, hata mimi nikafumuliwa nywele.

“Na hilo furushi, mwanangu?”

“Hilo hapana, Bibi. Likifunguliwa, bwana wangu hayupo tena.”

“Basi na mtoto atakaa humo humo amsubiri baba yake.”

Wanawake wakacheka. Mchana kichwa kilitoka, mabega yakagoma, na hakuna aliyecheka tena. Bibi alivuta. Akaniita kwa sauti kutoka chumbani: “Kafungue!”

Nilitumia meno. Fundo liliachia, na karibu wakati huo huo nikasikia mtoto analia.

Mkono wake wa kulia ulining'inia. Wa kushoto ulirusha ngumi. Huo wa kulia ulilala tu kama si wake. Bibi akaukanda kwa mawese, akaunyoosha, mtoto akazidi kulia.

“Tulichelewa kufungua,” akasema.

Jioni Espe aliniuliza, “Ulifungua lote?”

“Lote.”

“Haya.” Akageukia ukutani.

Wiki iliyofuata lori likawachukua yeye na mwanawe kwenda kambini. Hatukusikia habari zao tena. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mtoto yule, na kwamba mama yake ndiye aliyemharibu mkono.

Kisha nikamzaa wangu wa tatu, hospitalini, na mabega yakakwama vile vile. Nesi aliniambia mtulinga wa mtoto, ule mfupa wa begani, umevunjika na mishipa ya fahamu ya shingoni imevutika. Mkono usikandwe, usivutwe, ufungwe kifuani. Nikamuuliza nilikosea wapi.

“Mama, mtoto alikuwa mkubwa. Hujakosea popote.”

Wangu alinyanyua mkono akiwa na miezi minne. Nesi alisema wengine hawanyanyui.

Bibi nilimzika bila kumlaumu. Angeacha kuvuta, tungezika wawili. Lakini Espe sijui alipelekwa kambi gani, wala kama alirudi kwao, wala kama mumewe alimpata. Nimeulizia, si sana. Nina watoto na kazi. Yale maneno ya nesi, kwamba hakukosea popote, alistahili kuambiwa yeye kwanza. Nimekaa nayo mimi, na sina pa kuyapeleka.