Mwisho Niliomnyima Muuza Samaki

Wanaojua kwamba naandika hudhani kitabu changu cha kwanza nilikiandika mezani, taa mbele, kahawa pembeni. Meza sikuwa nayo. Nilikuwa na kasha la sabuni, karatasi za serikali zilizochapwa upande mmoja, na penseli ya zambarau, ile ambayo ukiilamba ncha inaandika kama wino. Na kabla ya kukiandika nilikisema kwanza kwa mdomo, gizani, saa nne asubuhi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, na mimi nilikuwa mlinzi wa mbung'o kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Misigiri. Upande mmoja wa kizuizi kulikuwa na pori lenye mbung'o, upande wa pili kulikuwa na ng'ombe wa watu, ambao mbung'o huwaua kwa maradhi, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna mbung'o anayevuka kwa kupanda mgongoni mwa mtu. Kila mpita njia nilimkagua mgongo na mzigo, kisha nikamwingiza kwenye kibanda cha udongo kisicho na dirisha, isipokuwa tundu moja dogo lenye wavu. Mbung'o hupenda mwanga. Akiona giza humwacha mtu, hukimbilia tunduni, hunasa. Baada ya muda kidogo mtu alikuwa huru kwenda zake.

Wapita njia walikuwa sita au saba kwa siku. Siku nyingine hakupita hata mbwa. Hakuna aliyetaka kujenga karibu na pori lile, kwa hiyo nyumba ya kwanza yenye moshi ilikuwa mwendo wa saa mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, elimu yangu darasa la nne la misheni, mke sina, na mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Siku niliyojikuta nikiigombeza sufuria kwa kuchelewa kuchemka, nikaona heri niandike, angalau mwendawazimu mwenye karatasi huonekana msomi.

Kitabu kilihusu nchi iliyo ndani ya jiwe. Kwetu mawe ni makubwa kuliko nyumba, yamekaa tu mashambani bila maelezo, na tangu utotoni nilikuwa na hakika kwamba moja kati yao lina watu ndani. Katika nchi yangu hapakuwa na jua. Watu walihifadhi mwanga kwenye vibuyu na kuumimina kidogo kidogo wakati wa kula. Msichana mmoja aliingia humo akimtafuta mbuzi wake, na langoni alikuwepo mlinzi ambaye bila ruhusa yake hakuna aliyeweza kutoka.

Nilikuwa naandika tangu kunapambazuka mpaka jua linapofika kwenye kizingiti. Niliandika vizuri mno, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na kurasa arobaini, na zote zilieleza lango. Nakshi za lango, bawaba za lango, kivuli cha lango. Msichana alikuwa bado yuko nje, na mbuzi wake nadhani alishakufa kwa uzee.

Halafu akaja mama mmoja. Alikuwa na umri kama wa mama yangu, mjane, akiuza samaki wakavu kutoka ziwa Kitangiri. Kila Jumanne alipita na tenga kichwani kwenda sokoni Misigiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hizo karatasi zote ni barua?"

"Ni hadithi, mama. Natunga."

"Nisomee basi."

Nilifurahi. Nikazichukua karatasi, nikasimama juani ili nione vizuri. Akanitazama kana kwamba nataka kuvua nguo sokoni.

"Mchana huu? Wewe hukulelewa? Kwetu hadithi haisimuliwi mchana, mifugo itapotea."

Hata kwetu ilikuwa hivyo. Nikaona haya, nikazishusha karatasi, nikamwelekeza kibandani kama sheria inavyotaka. Akaingia, akaketi chini, na baada ya kitambo nikamsikia akicheka.

"Baba! Humu ni usiku. Njoo usimulie."

Nikaingia. Giza lilikuwa totoro, karatasi hazikuonekana, na yote niliyoyaandika kwa miezi mitatu yakawa hayana kazi. Ikanibidi niseme yale niliyoyakumbuka. Yeye aliitikia kama wanavyoitikia watu wa kwetu, "eeh" fupi kila ninapopumua. Nilipofika kwenye nakshi za lango, "eeh" ikakoma. Nikaendelea na bawaba. Akakohoa.

"Lango tumeliona, baba. Msichana aingie."

Jioni ile nilichoma kurasa thelathini na tano, na sijawahi kuwasha moto mzuri kama ule. Tangu siku hiyo nikapata njia yangu ya kuandika, na ndiyo ninayoifuata hadi leo nikiwa na bahati ya kupata msikilizaji. Alfajiri nilitembea kutoka kibandani hadi kwenye kizuizi na kurudi, nikisema sentensi kwa sauti mpaka zikae mdomoni. Jumanne nilimsimulia. Akishaondoka tu, nilikaa kwenye kasha na kuandika mbio kabla sijasahau, nikibakiza pale alipoitikia na kukata pale aliponyamaza. Maswali yake nayo niliyaingiza. Siku moja, katikati ya vita vikali vya vibuyu, alinikatiza.

"Huyo mlinzi wa lango, anakula na nani?"

"Peke yake, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Maskini. Na nguo yake ikichanika?"

Nilishukuru kwamba tuko gizani, maana machozi yalikuwa yananitoka kwa ajili ya mtu ambaye nilikuwa nimemweka pale ili afungue mlango tu. Sura niliyoiandika siku ile ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na nusu yake ni ya yule mama.

Kufikia mavuno ya mtama, nilikuwa nimeujua mwisho. Ulikuja wenyewe asubuhi moja, nikauandika wote bila kufuta neno. Nikaruka, nikapiga makofi, nikaimba. Kisha nikakaa juu ya kasha, furaha ikanitoka taratibu. Hadithi ikiisha, huyu mama atakaa kibandani kufanya nini? Atakaguliwa, atapita, nami nitarudi kugombana na sufuria.

Basi nikaukunja ule mwisho, nikautia mfukoni mwa kaptula, nikaanza kurefusha. Jumanne ile nikaleta mafuriko. Iliyofuata nikaleta mapacha waliopotezana. Msichana alikuwa akikaribia lango, mimi namrudisha nyuma, akikaribia tena namuuguza homa. Nilikuwa najua ni uhuni. "Eeh" zake zilianza kupungua, nami nikajifanya sizisikii.

"Ulimi wako wa zambarau leo," aliniambia siku moja alipotoka kibandani. "Umeandika sana."

"Nilikuwa naandika barua, mama."

"Ya nani?"

Nikamtajia mjomba. Sikuwa na mjomba.

Jumanne ya mwisho alikuja bila tenga. Alikuwa na mkeka umeviringishwa na furushi la nguo. Binti yake aliyeolewa Nzega alikuwa amejifungua na anaumwa, akamwita akakae naye. Lori lilikuwa linamsubiri Misigiri.

"Utarudi lini, mama?"

"Nirudi kwa nani? Nahamia huko."

Tukaingia kibandani. Akaketi mahali pake, nami nikaketi pangu karibu na mlango.

"Haya," akasema. "Nimalizie."

Karatasi ilikuwa mfukoni, naisikia pajani. Wala sikuihitaji, nilikuwa nayajua maneno yote kwa moyo. Yangechukua muda usiofika hata wa kuchemsha chai. Lakini niliona kwamba nikiyasema basi yamekwisha, na yeye amekwisha kwenda. Nisipoyasema, pengine kitu kitabaki kinamvuta. Hayo ndiyo mawazo ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu, akilini mwake yanaonekana kama hesabu safi.

"Bado haujanijia, mama. Ukisubiri wiki mbili hivi, utaukuta tayari."

Mbung'o mmoja alikuwa akipigapiga wavu kwenye tundu.

"Baba," akasema, "ile njia ya mtoni imekauka tangu tuvune mtama. Wenzangu wote sasa wanapita kule. Hawakaguliwi na mtu, na wanafika sokoni mapema. Mimi peke yangu ndiye ninayezunguka huku."

Nikaishika karatasi mfukoni.

"Nilijua umeshamaliza. Mapacha wale hawakuwa wa hadithi ile. Nikasema, ngoja, kijana huyu hana mtu, aseme anayotaka, nitakuja tu. Ungeniambia tu, 'Mama, pita tuongee,' ningepita. Hukuhitaji kunifunga."

Alilisema hilo bila hasira. Angenikaripia ningepata nafuu. Nilitaka kumwomba radhi, na nilitaka kumwambia mwisho, pale pale, hata kwa kukimbiza maneno. Mdomo nilikuwa nao, maneno yalikuwa yamejaa, lakini aibu ikanishinda. Alisubiri. Najua alisubiri, maana nilimsikia akishika furushi lake na bado hakuinuka.

Kisha akainuka, akatoka nje. Nikamfuata. Jua lilikuwa kali, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyochoka. Alisimama mbele ya kizuizi akinitazama, nami nikatafuta neno lolote la kumpa, nikapata lile nililozoea kuwaambia watu wote.

"Geuka, mama, nikukague mgongo."

Akageuka. Nikamkagua mgongo wote taratibu, mkeka na furushi, ingawa alikuwa ametoka kibandani sasa hivi na hapakuwa na kitu cha kukagua. Nikainua mti wa kizuizi.

"Asante, bwana," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla.